Kupika na Kupikia: Sarufi ya Jiko la Nyumbani katika Kanyenye ya Tabora



Nilipoombwa kutoa mhadhara huu, baadhi yenu mlitarajia nizungumzie sera ya lugha au uundaji wa istilahi, mambo ambayo nimeyashughulikia kwa sehemu kubwa ya utumishi wangu. Naomba radhi. Leo nitazungumzia jiko la mama yangu.

Ninayo sababu. Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza mama katika ofisi moja ya umma kujaza fomu. Karani alikuwa kijana mwenye adabu. Alimwamkia, akamuuliza jina, umri na mahali alipozaliwa, kisha akafika kwenye kipengele cha kazi. Mama akajibu, "Ninapikia watu." Kijana akauliza, "Unauza chakula, mama?" Mama akasema, "Hapana, mwanangu. Watu wangu." Kijana akaandika neno moja, nami nikalisoma kutoka upande wangu wa meza: "Hana."

Nilikasirika kwa niaba yake. Mwenyewe hakukasirika, tulipokuwa njiani alisema tu kwamba kijana yule alionekana hajala tangu asubuhi. Lakini mimi, kwa ugonjwa wa kazi yangu, nilibaki nikilitafuna jibu la mama. Hakusema "ninapika." Alisema "ninapikia." Karani aliisikia mofimu ile moja na akaielewa kuwa ni ya biashara, na alipoambiwa kuwa si ya biashara, akaona hakuna kilichobaki. Hoja yangu leo ni kwamba kilichobaki ndicho chote. Furaha ya kutunza nyumba na kuwapikia watu wa nyumbani imehifadhiwa katika sarufi yetu mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuiona akitazama vizuri, na vilevile uchungu wa kazi hiyo.

Kwanza niwaeleze mahali. Kanyenye ninayoizungumzia ni kata ya Manispaa ya Tabora, siyo ile Kanyenye ya Ugogo ambayo wasafiri wa karne ya 19 waliipita wakielekea bara. Ni sehemu ya mji mkongwe. Wazungu wa kwanza kuufikia eneo hilo, Richard Burton na John Speke, waliingia Kazeh mwezi Novemba 1857, baada ya kutembea kwa zaidi ya miezi minne kutoka pwani. Waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wamekwisha kujenga matembe makubwa, yaani nyumba za paa bapa la udongo zenye ua katikati, katika nchi ya Unyanyembe iliyotawaliwa na mtemi wa Kinyamwezi. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, lakini kabla ya hapo karibu kila kilichoingia mjini, kuanzia shanga na nguo hadi vikombe vya chai, kilikuja juu ya bega au kichwa cha binadamu.

Historia ya kuenea kwa Kiswahili, kama tunavyoifundisha, ni historia ya barabara hiyo. Tunasema wapagazi na wafanyabiashara ndio waliokibeba hadi Ujiji na kuvuka ziwa mpaka Kongo. Ni kweli, na sina ugomvi nayo. Ila lugha inayobebwa njiani tu hupita kama mzigo unavyopita. Ili ibaki, lazima itelekwe mahali, watoto waisikie wakiwa wamekaa karibu na moto. Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, anaeleza katika tawasifu yake ya Kiswahili kwamba baba yake alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Wanahistoria wamelitazama tukio hilo kama mkataba wa kisiasa na kibiashara, nao wana haki. Mwanaisimu huuliza swali dogo zaidi: katika ua wa nyumba kama ile, chungu kilipotakiwa kuepuliwa kabla hakijaungua, amri ilitolewa kwa lugha gani? Nadhani kwa zote mbili. Chakula chenyewe kilikuwa na jina moja lenye sura mbili. Mnyamwezi husema bugali, Mswahili husema ugali. Kiambishi kile cha kale, bu-, katika Kiswahili kimepoteza konsonanti yake na kubaki irabu peke yake. Mgeni wa pwani aliyeketi chini Unyanyembe hakujifunza neno jipya. Alikutana na neno lake mwenyewe likiwa na umri mkubwa zaidi.

Sasa tuingie jikoni. Na hapa nawaomba mtambue kuwa nimesema "jikoni." Kiswahili hakikuunda nomino nyingine ya chumba hicho, kilichukua jiko na kukipa kiambishi cha mahali. Jiko lenyewe, kwa asili, halikuwa chombo kinachonunuliwa dukani, bali mahali pa moto, na wingi wake wa kale ni meko, yaani ma- na -iko vilivyoungana. Leo tunasema majiko tukiwa na maana ya majiko ya mkaa au ya gesi, na meko tumewaachia wazee na washairi. Katika wingi huo wa aina mbili mtu anaweza kusoma safari nzima kutoka mafiga matatu hadi mtungi wa gesi.

Chungu nacho kina ukoo. Shina lake ni -ungu: chungu, nyungu, jungu. Mwaka 2020 vijana wengi wa mjini walilisikia neno nyungu kwa mara ya kwanza, watu walipokuwa wakijifukiza kwa hofu ya korona, wakadhani ni neno la matibabu. Katika Tabora ya karne ya 19 lilikuwa neno la kutisha zaidi ya hapo. Nyungu ya Mawe, mtawala wa Ukimbu aliyefariki mwaka 1884, aliyejulikana kote kwa ukali wa majeshi yake, alibeba jina linalomaanisha chungu cha mawe, chungu kisichovunjika. Nimewahi kuwauliza wanafunzi wangu ni nchi gani nyingine ambako mpiganaji akitaka kuogopwa hujiita kwa chombo cha jikoni. Hawakunijibu, ila walicheka, na mwaka huo hakuna aliyesinzia katika somo la ngeli.

Utajiri halisi wa jiko, hata hivyo, uko katika vitenzi. Mama alikuwa akiteleka chungu na kukiepua, akisonga ugali, akipekecha mlenda. Kupekecha ni kuzungusha kijiti baina ya viganja, na ni kitenzi kilekile kinachotumika kwa kuwasha moto kwa vijiti. Kwa hiyo mwenye kushika upekecho juu ya mlenda anarudia mwendo wa mikono wa kale kabisa. Mboga aliiunga. Kuunga ni kuunganisha, na Tabora chenye kuunganisha ni karanga: karanga zilizotwangwa hutiwa katika majani ya kunde, katika uyoga wa masika uletwao kutoka miomboni, na katika nyama pia ikiwa ni kidogo na walaji ni wengi. Mgeni kutoka Unguja atashangaa akiambiwa, "Mboga leo ni nyama." Kwao mboga ni majani. Bara mboga ni chochote kinachoandamana na ugali, kile ambacho pwani hukiita kitoweo, neno lililotokana na kutowea, yaani kuchovya tonge. Watu wa pwani wamekipa jina kitendo cha mkono. Sisi tumekipa jina kile ambacho shamba lilitupatia mara nyingi zaidi.

Kitenzi ninachokipenda kuliko vyote ni kupakua. Kwa mchukuzi, kupakia ni kuweka mzigo na kupakua ni kuushusha. Kwa mpishi, kupakua ni kukitoa chakula chunguni na kukiweka mbele ya mlaji. Kwa wajukuu wangu, kupakua ni kuvuta picha na nyimbo kutoka mtandaoni, na wao hudhani maana hiyo ndiyo ya kwanza. Ile -u- ni ya kauli ya kutendua, kama katika kufunga na kufungua, kuziba na kuzibua. Sidai kwamba maana ya jikoni ilizaliwa Tabora. Pwani nako wanapakua wali. Lakini fikirini mji ambao kazi yake kubwa ilikuwa kupokea misafara. Mbele ya nyumba mzigo ulipakuliwa, na uani jioni ugali ukapakuliwa, kwa kitenzi kimoja. Mtu aliyetembea miezi minne hakuhesabu kuwa amefika mpaka kupakua kwa pili kulipotimia.

Tena, kitenzi hicho kina siri. Ukitaka kusema kuwa unampakua mtu chakula, husemi hivyo, maana yake itakuwa nyingine kabisa na ya kuchekesha. Unasema unampakulia. Sauti l, ambayo ilikwisha kudondoka katika kupakua, inarudi ghafla mara tu anapotajwa mtu wa kupakuliwa. Wanafonolojia wana maelezo ya kutosha juu ya l ya kale iliyopotea baina ya irabu, nami nimeyafundisha kwa miaka mingi bila kutikisika. Lakini nilipokuwa nikimpakulia mama siku zake za mwisho, nilikuwa nikiisikia ile l kila jioni.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kauli ya kutendea. Kila mwalimu wa Kiswahili anajua kuwa kiambishi -i- au -e- kikiingia kwenye kitenzi hufungua nafasi ya mshiriki mwingine. Kupika kunahitaji mpishi na chakula. Kupikia kunamleta wa tatu. Wa tatu huyo anaweza kuwa chombo au mahali: kuni za kupikia, sufuria ya kupikia, chumba cha kupikia. Anapokuwa mtu, jambo la ajabu hutokea. Tunasema "amenipikia wali." Kiswahili huruhusu kiambishi kimoja tu cha yambwa ndani ya kitenzi, na nafasi hiyo huchukuliwa na mtu, wali, ambao ndio uliopikwa, husukumwa nje. Katika kauli ya kutendwa ni vivyo hivyo. "Watoto wamepikiwa wali" ni sentensi njema, lakini "wali umepikiwa watoto" haikubaliki masikioni mwetu. Si lugha zote za Kibantu zilivyo hivi. Joan Bresnan na Mtanzania mwenzetu Lioba Moshi walionyesha katika makala yao mashuhuri ya mwaka 1990 kwamba katika Kichaga cha Vunjo yambwa zote mbili zina haki sawa, na mfano wao uliojulikana duniani kote ni wa mtu anayelia chakula mkewe, ama kwa faida yake ama kwa hasara. Wachaga, basi, wanaweza kukitanguliza chakula. Sisi sarufi yetu imekwisha kuamua: mtu kwanza, chakula baadaye.

Mama hakusoma sarufi, ila hivyo ndivyo alivyopima unga. Hakutumia kikombe. Alichota kwa mkono na kutaja majina, mkono mmoja kwa kila jina, na alipomaliza waliopo aliendelea na wasiokuwapo: kaka aliyekuwa akifanya kazi Kaliua, na mimi niliyekuwa Dar es Salaam nikisoma. Nilipopata habari hiyo kutoka kwa wadogo zangu nilimwuliza kwa nini apoteze unga. Akasema haupotei, asubuhi huwa kiporo, na mtu akifika usiku asikute ametajwa na watu wengine tu. Chakula cha aliyechelewa alimwekea, akamfunikia, akampashia moto. Tazameni vitenzi hivyo vitatu. Vyote vina ile irabu. Mtu hayupo mezani, lakini yumo katika kila kitenzi.

Msidhani kuwa nawaletea picha ya peponi. Kauli ya kutendea haina huruma ya asili. Watu humpikia mtu majungu pia, na humchimbia shimo. Na iko kauli nyingine iliyokuwa ikisikika katika nyua za Tabora ya zamani, nayo ni ya kutendesha: kupikisha, kupikishwa. Henry Stanley alipofika Unyanyembe mwezi Juni 1871, anasema alikaribishwa kwa chai na mikate ya kumimina iliyoletwa ikiwa ya moto, na baadaye wakuu wa mji wakampelekea vyakula vilivyobebwa na watumwa. Msomaji hupata majina ya waliokaribisha. Ya waliokaanga hayapati. Wengi wa wanawake waliosimama kwenye moto wa nyumba zile walikuwa wajakazi, wametolewa kwao kwa nguvu, na baadhi yao wamevuka ziwa wakiwa wamefungwa. Utumwa haukukomeshwa kisheria Tanganyika mpaka mwaka 1922. Ukarimu wa Tabora, ambao sisi watu wa huko tunajivunia, na baadhi ya mapishi tunayoyaita ya bibi zetu, yalipita katika mikono hiyo. Baina ya kupikia na kupikishwa kuna silabi chache tu. Chungu ni kilekile, moto ni uleule, hata chumvi. Ndiyo maana siwezi kusema kuwa furaha imo katika kupika kwenyewe.

Hawakuwa wote watumwa, na tuwe waangalifu. Stephen Rockel, katika kitabu chake Carriers of Culture cha mwaka 2006, ameeleza kwamba Wanyamwezi wengi wa misafara walikuwa wafanyakazi huru wa ujira, na kwamba wanawake walisafiri nao, wakiwemo wake waliobeba vyombo na kupika kambini. Pale ambapo hapakuwa na wanawake, wanaume walijipikia wenyewe kwa vikundi na hakuna aliyeona haya. Neno letu mpishi halina jinsia. Nalikumbusha hilo kwa sababu ya msemo mmoja ambao nimeuchukia tangu usichana wangu. Kijana akioa, rafiki zake husema, "Amepata jiko." Husemwa kwa mzaha na kwa nia njema, najua. Lakini jiko ni mahali pa moto; hakuna aliyewahi kumpikia jiko, wala jiko halimpikii mtu. Msemo huo unamwondoa mpishi, unamwondoa na mpikiwa, na kubakiza samani. Mume wangu, ambaye ni Msukuma na husonga ugali mgumu kuliko wangu, huulizwa mara nyingi na wageni wa kiume kama mimi ni mgonjwa.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Mtu aliyekulia kwenye moshi wa kuni za miombo hawezi kuubeza. Macho ya bibi yangu mzaa mama yaliharibika kwa moshi ule, na mgongo wake kwa kuni. Naona tu, kama mwanasarufi, kwamba kupikia kwa hapa ni kule kwa chombo: nishati ya kupikia, kama kuni za kupikia. Ni sahihi kabisa. Mkakati hauwezi kuandika jina la kila mpikiwa. Lakini sisi wa vyuo vikuu tunaweza kuandika zaidi ya hapo, na hatujafanya hivyo. Tumekusanya istilahi za benki, za sheria na za kompyuta kwa bidii kubwa. Maneno ya matobolwa na michembe, yaani viazi vitamu vinavyopikwa na kukaushwa na vile vinavyokatwa vibichi na kuanikwa. Majina ya hatua za kuiva kwa asali na za kukauka kwa uyoga. Lile neno la Kanyenye la sauti ya ugali unapochemka kabla ya kusongwa, ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nalo utotoni na sasa siwezi kulifikia: hayo hukusanywa na nani? Wazee wanaoyajua huulizwa kazi yao, wakajibu, nasi tukaandika "Hana."

Mama alifariki tulipokuwa bado hatujamaliza daftari tuliloanza pamoja. Baada ya mazishi nilikwenda katika ofisi nyingine na fomu nyingine, na kipengele cha kazi ya marehemu kilikuwapo. Safari hii kalamu nilishika mimi. Niliandika kwamba aliwapikia watu wake. Nafasi haikutosha, maana fomu ilikuwa imetengewa neno moja, kwa hiyo nilimalizia pembeni, kwa herufi ndogo, na karani akagonga mhuri juu yake bila kusoma.